Fito za Kona ya Mihogo

Nakivale, 2014

Riziki,

Umeniuliza tangu Pasaka na mimi nimekunyamazia. Ukadhani masikio ya Bibi yamekufa. Masikio ni mazima, jibu ndilo lililokwama. Sasa umekwenda kanisani kuagwa, na ninawajua wale wanawake wa kwaya, watakuimbia na kukulilia shingoni mpaka kola ilowe. Basi nimekaa hapa mlangoni na hii kalamu yako inayovuja, niandike kabla hujarudi. Nikikuambia kwa mdomo nitaanza kugomba, wewe utainamisha kichwa kama mbuzi mwenye mvua, na hakuna kitakachoingia.

Mambo ya sweta, ya kuficha karatasi ya kusafiria ndani ya nguo, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua garini, hayo nitayasema kesho na wewe utaitikia, "Ndiyo, Bibi," na hutafuata hata moja. Sitayapotezea wino. Na usitafute nukta na mkato humu. Mimi niliishia darasa la tatu kwa wamisionari kule Fizi, na mwalimu wangu alisema kichwa changu kimejaa bugali.

Uliniambia kwamba kule baharini ulikopata kazi kuna mawe yaliyo hai, yanaitwa matumbawe. Kwamba yanakula, yanakua polepole kuliko mtu, samaki wanazaa na kujificha ndani yake, na bahari ikipata joto yanageuka meupe kama mfupa na kufa. Nilikucheka. Nilisema kumbe nimehangaika na shule ili mtoto aende kuchunga mawe. Ukanuna. Ulinunia ujinga wangu, lakini nilikuwa nimesikia vizuri. Nilisikia pia uliposema kwamba wewe hutakuwa wa kupiga mbizi, kwani wa kupiga mbizi wapo, wametoka nchi nyingi na mitungi yao ya hewa. Kazi yako itakuwa kukaa na watu wa vijijini. Kukaa na wale akina mama wanaotembea juu ya matumbawe maji yakitoka, kila mmoja na kijiti chake, wakichokoa pweza kwenye matundu. Uwaulize pweza analala wapi, anazaa wakati gani. Kisha nyinyi na vijiji na serikali mkae, mkubaliane fasi gani ifungwe, bahari ipumzike.

Pale ndipo niliponyamaza, Riziki. Si kwa sababu ya mawe.

Hadithi ya baba yako unaijua. Kila mtu hapa kambini anaijua. Wako mpaka leo sokoni wanaoniita Mama Onyesha, wengine nyuma ya mgongo, wengine mbele ya uso wangu huku wakinipimia chumvi. Lakini wewe unaijua kama mtoto anavyoijua nyumba. Anajua mlango na kitanda. Msingi hajauona, ulichimbwa yeye akiwa amelala. Acha nikuonyeshe msingi.

Ziwa letu la kwetu, la Tanganyika, halina mwisho. Dagaa wakikimbia pembeni, unakwenda mbele. Wakikimbia mbele, unakwenda mbele tena. Mwezi ukijaa taa hazina kazi, watu wanakaa kushona nyavu na kutukanana. Na kila kona ya maji ilikuwa na ukoo wake. Mkubwa wa ukoo ndiye aliyefunga, ndiye aliyefungua. Lakini sikiliza namna alivyofunga. Hakuamka asubuhi akaweka alama tu. Aliwaita kwanza wote waliokula pale, hata mjane, hata yule mtu anayejulikana kwa wizi wa nyavu, akawagawia fasi nyingine ya kutega mpaka siku ya kufungua. Mmoja akikosa fasi, kona haifungwi. Na yule aliyeijua ile kona kuliko wengine ndiye aliyeulizwa habari zake, na akishaulizwa amekuwa mlinzi wake. Neno lake linasikilizwa. Kwetu kuulizwa ni kupewa kiti.

Na mimi nilikuja na hilo kichwani. Tulikimbia vita vya kwanza, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako. Tulivuka ziwa, tukakaa kambi ya Tanzania, kambi ikatushinda, tukavuka mto pale Kikagate na sufuria na Biblia, tukaletwa hapa Uganda. Nilipoliona ziwa la hapa nilicheka. Nilimwambia baba yako, hili ni beseni. Ng'ombe wa ng'ambo unawaona, karibu uone na mikia. Upondo ukiuzamisha unagonga tope. Nililidharau. Nilidhani ziwa dogo lina sheria ndogo. Ni kinyume, mtoto wangu. Kwenye ziwa kubwa ukikosea unasogea. Kwenye beseni husogei, unamwangukia mwenzako.

Sisi Wakongo tunaloweka mihogo. Wanyankole, wenyeji wa hapa, walitushangaa, wao na matoke yao, lakini muhogo mchungu usipolala majini unaua mtu. Tukatafuta maji yaliyotulia, tukaipata ile kona iliyozungukwa na mafunjo, imeachwa wazi upande mmoja tu kama mdomo. Tukafunga magunia kwenye mashina ya mafunjo. Kila siku unaingia maji ya magoti, unageuza gunia, unabonyeza muhogo kuona kama umelainika. Kona ya Mihogo, ndiyo jina tulilolipa. Na ukisimama majini kila siku, utaona tu, hata kama kichwa kimejaa bugali. Niliona visahani kwenye mchanga, mviringo, vimechimbwa safi, na juu ya kila kimoja samaki dume wa ngege akifukuza wenzake. Niliona majike wakipita na mashavu yaliyovimba, watoto wamo mdomoni. Ngege jike hufunga mdomo juu ya watoto wake. Hali chochote. Anakonda mpaka mifupa inahesabika, na mdomo haufungui mpaka wawe na nguvu za kuogelea.

Baba yako alikuwa anatega pembeni pale, kwa ule mtumbwi wake wa gogo. Jike akinaswa huwa anawatapika watoto wote kwa hofu, wanamwagika ndani ya mtumbwi, wadogo kama mbegu za nyanya zenye macho. Baba yako alikuwa anawakusanya kwa kopo la kuchotea maji, anawarudisha ziwani, halafu anamtia mama yao kikapuni. Nilimcheka. Nilimwambia anaua mama na kulea yatima. Akasema, "Mama, aba batoto ni ba kesho."

Basi samaki wakapungua. Watu tuliongezeka, kila vita vikaleta watu wake, na nyavu zikawa na macho madogo. Nyingine zilikuwa ni vyandarua kabisa, vile vya mbu tulivyogawiwa. Hapo ndipo akaja Madamu. Wewe unamwita Daktari Kyomugisha na unanyoosha shingo ukilitamka, lakini kwetu alikuwa Madamu. Mnyankole wa Mbarara, amelelewa kwenye nyumba za wanajeshi, baba yake alikuwa sajini. Ndiyo maana Kiswahili anacho, lakini ni kile cha amri. Ukikisikia unataka kusimama wima. Alikuja na wanafunzi, na ubao wa kupimia samaki, na ile sahani nyeupe na nyeusi ya kushusha majini kwa kamba mpaka isionekane, upate kujua maji yamechafuka kiasi gani. Hakusimama kwenye gari kama wengine. Alikaa chini. Aliita Wanyankole, Warundi, Wanyarwanda na sisi, akasema ziwa ni mgonjwa na yeye peke yake hawezi kujua ugonjwa, tupime wote.

Tukapima wote, si uongo. Mimi nilishika ule ubao, nikamlaza ngege juu yake, nikasoma namba kwa sauti ili kijana aandike. Yule mwalimu wangu wa Fizi angekuwepo, angemeza chaki.

Siku moja Madamu alivua viatu, akakunja sketi, akaingia majini na mimi kati ya magunia. Akaniuliza, "Mama, wewe naingia hapa kila siku. Samaki nazaa wapi?"

Tangu tuvuke Kikagate hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu ila jina langu na watu wa nyumbani mwangu ni wangapi. Nilisikia raha, Riziki. Sitaandika kitu kingine hapo. Nilimshika mkono, nikampeleka kwenye visahani, kimoja baada ya kingine, nikamwonyesha na jike mwenye mashavu. Madamu alitoa machozi ya furaha. Na mimi nikajisemea, nimeulizwa. Nimepewa kiti.

Ukaitwa mkutano. Kamati ya ziwa ikasema kona ifungwe, samaki wazae. Ilikuwa sawa, hata sasa nasema ilikuwa sawa. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayeijua. Baba yako alikuwa amekaa nyuma na wenzake wenye mitumbwi midogo, wale wasio na leseni ya kuvua katikati ya ziwa. Akainuka, akauliza, "Mama, na siye ba pirogi ndogo, tutaenda fasi gani?"

Nilimkemea. Mbele ya watu wote. Nilisema mtoto wa mwenye kona hawezi kuwa wa kwanza kulialia. Watu walicheka. Yeye akakaa.

Unajua nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja mkubwa wa ukoo ainuke, agawe. Kichwani mwangu kugawa kulikuwa njiani kunakuja, kama ugali unavyokuja baada ya kunawa. Mkutano ukaisha, watu wakakung'uta nguo, wakaenda. Hapakuwa na mkubwa wa ukoo. Madamu alidhani kugawa ni kazi ya kamati. Kamati ilidhani ni ya ofisi ya kambi. Ofisi ilidhani sisi tunalima, samaki ni kitoweo tu. Na mimi, niliyedhani nina kiti, sikuuliza.

Fito nilikata mwenyewe. Nilichana kitenge changu chekundu kilichochakaa, nikafunga kitambaa kwenye kila ufito, tukazichomeka mdomoni mwa kona kutoka mafunjo mpaka mafunjo. Nilisema ziwekwe karibu karibu, asipite mtu. Mlinzi akawekwa, kijana wa kwetu, amekula ugali nyumbani kwangu mara nyingi kuliko baba mchungaji.

Upepo wa ziwa hili unaujua. Unakuja alasiri bila kubisha hodi, na kwa kuwa maji yana kina kifupi, mawimbi nayo ni mafupi, yanapiga kama mtu mwenye hasira. Zamani mitumbwi midogo yote ilikuwa inakimbilia konani. Siku ile baba yako alikuwa ametega nje, upande wa viboko, maana ndio upande uliobaki kwa mtu kama yeye. Upepo ukamkuta. Akapiga kasia mpaka kwenye fito. Yule mlinzi alisimama ufukweni, akampigia kelele, "Asukulu, fasi imefungwa. Ni mama yako mwenyewe alisema."

Zilikuwa fito, Riziki. Unene wa kidole gumba. Mtumbwi ungezivunja kama unavyovunja kuni za kuwashia moto. Hakuzivunja. Alinitii. Akageuza mtumbwi, azunguke ile ncha ya mafunjo atafute mahali pengine pa kujibanza, na nyuma ya ncha alikuwapo kiboko na mtoto wake.

Hapo naishia.

Yale maneno ya ufukweni aliniambia mlinzi mwenyewe, amepiga magoti. Nilimwambia ainuke. Hakuwa amesema uongo.

Matangani mama yako alisema, mbele ya watu, "Mudomo yako njo ilikula bwana yangu." Nikamwambia atoke nyumbani mwangu. Wewe ulikuwa umelala, nikakataa asikubebe. Umekua ukisikia kwamba mama yako alikuacha akaenda kuolewa Isingiro. Nimeliacha neno hilo likae nyumbani humu miaka yote hii kama mgeni. Basi sasa jua lilivyokuwa: neno lake lilikuwa kweli, ndiyo maana nilimfukuza. Mtu hamfukuzi mwongo, anamcheka tu. Kesho gari lenu litasimama Isingiro, abiria wanunue ndizi. Ana meza pale, unaijua, na mara ya mwisho tulipopita ulijiinamisha nyuma ya kiti nikajifanya sikuona. Kesho shuka. Huna haja ya kusema mengi. Nunua ndizi zake, umwite mama.

Madamu naye alikuja matangani. Wanawake walitaka kumfukuza, mmoja alikuwa ameshika mwiko. Alikuja akakaa chini kando yangu mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Mama, mimi napima samaki. Watu mimi hapana pima." Nilimsogezea mkeka, na usidhani ni wema. Alikuwa amekalia majivu.

Sasa nikuambie kilicho kigumu kuliko kifo. Samaki walirudi. Walirudi kweli. Ngege wa ziwa hili walikuwa wamekonda kiasi kwamba mke wa askari pale Nyamityobora, mjini Mbarara, anamgeuza samaki wangu mkavu kwa kidole kimoja na kuniuliza, "Mama, hii ni samaki ama ni jani?" Baadaye walikuwa wakinipokea stendi ya lori, wakigombania kikapu, wanasema samaki ya Nakivale iko mafuta. Nilimkausha yule samaki, nikamuuza Mbarara, na ndiye aliyekuvalisha sare ya shule. Nilimla pia. Nilikulisha na wewe, nikikutolea miiba. Nilitaka kwa roho yangu yote Madamu awe amekosea, ziwa libaki tupu, nipate wa kumtukana. Hakuwa amekosea. Kile alichopima, alipima sawasawa. Samaki walirudi na baba yako hakurudi, na mambo haya mawili yanakaa nyumba moja, na mimi ndiye ninayeyapikia.

Kwa hiyo usiende kule ukidhani Bibi yako anakuambia kufunga ni vibaya, au kwamba watu wa kupima ni wezi. Wako wanaosema hivyo hapa, na wengi wao ndio waliokuwa wakivua kwa chandarua. Ziwa lisilofungwa linakwisha. Nimeliona likikwisha. Kama yale mawe yako yako hai kama unavyosema, basi nayo yanahitaji mtu wa kusema basi.

Nakuambia hili tu. Mwaka uliofuata Madamu aliita mkutano tena. Alikuwa amekonda. Hakufungua makaratasi. Aliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: tukifunga, nani analala njaa, na upepo ukija anajificha wapi? Watu wote walijua nani yuko pale na hawakutaka kunitazama. Mimi niliinuka, nikateremka ufukweni, nikaingia majini na nguo zangu zote na viatu, nikang'oa fito. Niling'oa upana wa mtumbwi mmoja na makasia yake. Hakuna aliyenizuia. Nilipotoka majini, Wanyankole na Warundi walikuwa wameanza kubishana mitumbwi midogo ipewe upande gani, na walibishana mpaka wakaigawia ule upande wa magharibi, wenye leseni wakauacha. Kugawa kulifika, lakini kulichelewa.

Zile fito sikuziweka ukumbusho. Zilikauka, nikapikia maharage. Lile pengo umepita mara nyingi, na unajua wavuvi wanaliitaje: Mlango wa Asukulu. Mtu akiingia pale kwa ajili ya upepo hashushi wavu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Hata wezi hawajashusha.

Kule kwenu hamtatumia fito, umesema ni maboya. Ni mamoja. Kabla boya la kwanza halijaingia majini, simama wewe, mtoto wa Asukulu, na uulize mlango uko wapi. Watakuambia hilo halimo kwenye kazi yako. Watakuambia lipo kwenye kikao kijacho. Keti hapo hapo usiinuke. Una kiburi cha kwangu, nimekulea nacho kwa uji, kitumie siku hiyo na siku nyingine ukifiche.

Watu wa pwani watakucheka ukisema fasi, ukisema mingi. Watasema Kiswahili chako kimetoka porini. Wacha wacheke. Mtu akikucheka amekusogelea. Mwenye kukuogopa ndiye atakayekujibu unachotaka kusikia. Mimi Madamu nilimcheka Kiswahili chake kwanza, ndipo nikamshika mkono.

Na kuna jambo ambalo sina dawa yake. Umeniambia mnaweza kufunga, mkagawa vizuri, mkaacha na mlango, bado joto la bahari likaja likayaua yale mawe yote, na joto hilo hakuna mvuvi aliyeliwasha. Hapo sijui, Riziki. Kwangu adui alikuwa na nyavu, nilimjua kwa jina. Itafika siku mtarudi na kamba zenu za kupimia mkute meupe matupu, na yule mama mwenye kijiti atakuuliza, mlisema tukiacha yatapona. Usimdanganye. Usiseme mwakani kama hujui ya mwakani. Mwambie umeona alichoona. Kisha usikimbilie gari.

Yule mama ndiye mimi. Uelewe hilo, na kama karatasi hii ikikupotea njiani, lisipotee hilo. Siku utakapokunja nguo uingie naye kwenye maji ya magoti, utamwona anafurahi kuulizwa. Atakuwa amekaa miaka bila mtu kumuuliza kitu. Atakuonyesha yote. Atakushika mkono, akupeleke tundu kwa tundu, na wewe utaona raha, kwani ndiyo kazi uliyosomea. Hapo ndipo umzuie. Mwambie, mama, kabla hujanionyesha, niambie nani mwingine anakula hapa. Ukimuuliza mtu samaki wanazaa wapi, umemuuliza watoto wake wanakula wapi. Akinyamaza, mwache anyamaze. Ana watoto wake mdomoni.

Uliniuliza, "Bibi, niende?" Na mimi nikageuza ugali.

Nenda.

Kwetu mtoto akiondoka, mzee wake hujaza maji mdomoni akampulizia usoni, ndiyo baraka. Baba yako nilimpulizia siku tuliyovuka Kikagate. Baada yake sikumpulizia mtu. Wajukuu wa jirani wameletwa hapa na mama zao, wameenda Kampala, wameenda Amerika, nimewarudisha wakavu, nikisingizia meno. Niliona mdomo huu umekwisha kufanya kazi yake.

Kesho asubuhi, kabla gari halijapiga honi, lete kikombe cha maji. Si ya mtungini. Teremka Kona ya Mihogo, pitia mlangoni, uchote pale. Baba mchungaji akiona vibaya, aangalie ng'ombe wa ng'ambo. Utainama, mimi nitavuta maji, na kama nikichelewa kuyatoa, usiinue uso kunitazama. Ngoja tu.

Na ukishapuliziwa usijifute. Yaache yakauke yenyewe. Ukifika Isingiro mama yako akaona michirizi yake usoni, atajua ni nini.

Bibi yako,
Mama Asukulu